Je, Ni Uongo Kusifu Kitabu Usichokipenda?

Desemba ikishaingia, watu wa vitabu tunashikwa na ugonjwa mmoja: tunaulizana. Kijiweni penye kahawa, kwenye vikundi vya kusoma, kwenye simu, hata ndani ya daladala ukimkuta mtu kabana kitabu kwapani. "Mwaka huu umesoma nini, mshikaji? Kipi kimekukuna?" Ni swali tamu, na ni katika maswali machache ambayo sisi vijana wa mjini tunaulizana bila kukopana hela. Lakini hebu msikilize anayejibu. Kwanza ananyamaza kidogo. Macho yanapanda juu. Halafu anakutajia vitabu vitatu au vinne na vyote, kwa bahati ya ajabu, ni vile ambavyo mwalimu wake wa fasihi angefurahi kuvisikia.

Katika ule ukimya mfupi, kati ya swali na jibu, kuna jambo limetokea. Ndugu msomaji, nataka tulizungumze jambo hilo, maana naona tunalichukulia kirahisi mno.

Najua utaniambia: aa, hiyo nayo mada? Mtu kasema kaipenda Nagona kumbe hakuambulia kitu, nani kafa? Njaa ipo, kazi hakuna, wewe umekaa unapima uongo wa watu kuhusu riwaya! Haya. Ni uongo mdogo, nakubali. Lakini mdogo si sawa na usio na mtu wa kuumia.

Tuanzie nyumbani, kwenye lugha yenyewe. Wahakiki wetu wa vyuo vikuu waliigawa riwaya ya Kiswahili mafungu mawili. La kwanza wakaliita riwaya dhati: humo wamo akina Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Shafi Adam Shafi, Mohammed Suleiman Mohammed na wenzao. La pili wakaliita riwaya pendwa: upelelezi, mapenzi, majambazi, busu na bastola. Humo yumo Willy Gamba wa Elvis Musiba, yumo Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na ndugu zao wengi waliosomwa mpaka majalada yakachanika. Sasa litazame neno lenyewe. Pendwa. Yaani iliyopendwa. Katika Kiswahili cha uhakiki, kupendwa ndiyo kashfa! Kitabu kikishapendwa na watu, cheo kimeshuka. Na lile fungu jingine, ambalo wengi wetu tulilisoma kwa fimbo ya mtihani, ndilo lililopewa neno "dhati", neno tunalolitumia tukitaka kusema kwamba jambo limetoka moyoni. Nakupenda kwa dhati. Basi mtu anaulizwa "umependa nini?" naye anataja dhati na kuificha pendwa. Mimi simshangai. Istilahi zenyewe ndizo zilizomfunza.

Sisemi mgawanyo huo hauna maana. Mtu aliyesoma Kiu ya mwaka 1972 hawezi kuniambia ni kitu kimoja na hadithi ya jambazi mwenye miwani myeusi. Ila ukuta wenyewe si wa zege kama unavyodhaniwa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Ni hadithi ya nini? Ya upelelezi, bwana! Bwana Msa na kiko chake, anafumbua mafumbo. Leo hakuna anayeandika historia ya riwaya ya Kiswahili akamruka. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kabla haijawa kitabu cha kutajwa kwa heshima. Kama wasomaji wa kwanza wangesubiri ruhusa ya kupenda, vitabu hivyo vingekuwa wapi?

Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Scotland aitwaye David Hume aliandika insha juu ya kipimo cha ladha katika sanaa. Humo alikumbusha kisa kimoja kutoka Don Quixote ya Cervantes, na mimi kisa hicho nakipenda kuliko insha yenyewe. Watu wawili wa ukoo wa Sancho Panza waliitwa waonje mvinyo uliokuwa kwenye pipa. Wa kwanza akaonja, akatafakari, akasema: mvinyo mzuri, ila una kaladha ka ngozi. Wa pili akaonja, akasema: mzuri kweli, ila mimi naona kaladha ka chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa likanywewa mpaka likaisha, na chini kabisa ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Hume alikitumia kisa hiki kuonyesha kwamba kuna ndimi zinazoonja vizuri kuliko nyingine. Sawa. Alisema pia hakimu mzuri wa sanaa ni mtu mwenye mazoezi, aliyelinganisha kazi nyingi, na aliyejisafisha na upendeleo. Hilo nalo sina ugomvi nalo. Lakini mimi katika kile kisa naona jambo jingine. Tuseme yule wa pili, baada ya kumsikia mwenzake akisema "ngozi", angeogopa kuonekana mshamba naye akasema "ngozi, ngozi, hata mimi nimeiona". Ufunguo ungebaki na upande mmoja tu. Chuma kingenyamaza. Ukweli wa pipa lile ulihitaji ndimi mbili, kila mmoja uripoti ulichokigusa, hata kwa kuchekwa. Ukiniambia mwaka huu umependa kile kile ambacho kila mtu kasema kapenda, na kumbe hukukipenda, hukuniongezea kitu. Umenipa mwangwi tu.

Sasa tuje kwa wanaoumia.

Piga hesabu pamoja nami. Msomaji anayefanya kazi au anayesoma chuo, akimaliza kitabu kimoja kila mwezi, hapa kwetu tunamwita bingwa. Hivyo ni vitabu 12 kwa mwaka. Tuseme alianza akiwa na miaka 15 na Mungu akamjalia macho mazuri mpaka afike 65. Ni miaka 50. Vitabu 600. Basi! Mia sita tu, maisha mazima; vinaenea kwenye kabati moja. Ukimwambia "soma hiki, ni bomba", umemwomba nafasi moja katika hizo 600. Na hela pia: riwaya mpya dukani ni nauli ya daladala ya wiki nzima au zaidi, na wapo wanaojinyima kweli ili wainunue.

Lakini hela na muda si kitu. Linaloniuma ni hili. Yule binti kakununulia maneno yako. Kakifungua kitabu. Ukurasa wa 5, haelewi. Ukurasa wa 20, kimemshinda. Anakumbuka jinsi ulivyokisifu, jinsi wote mlivyokisifu, tena kwa maneno makubwa makubwa: "kinafikirisha", "kina tabaka nyingi", "ni kazi ya kipekee". Hafikirii kwamba kadanganywa. Anafikiri kwamba yeye ndiye mjinga. Anasema kimoyomoyo, kumbe mimi si mtu wa vitabu. Anakirudisha kabatini na kuchukua simu. Huyo humwoni tena. Halafu sisi sisi tunakaa kwenye makongamano tunalalamika kwamba vijana hawasomi! Tumewafukuza mlangoni kwa sifa za uongo, kisha tunawauliza mbona hawaingii.

Laiti mtu mmoja angemwambia: "Kitabu hiki kigumu, hata mimi kimenipiga chenga, ila kuna kurasa tatu katikati zilinisimamisha nywele." Angekisoma akitafuta hizo tatu.

Upande wa pili wa sarafu ni mwandishi. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni nzuri kwa maembe. Embe zuri lina harufu. Unalisikia kabla hujalishika. Kitabu hakina harufu, au tuseme vyote vina harufu ile ile ya karatasi. Chema na kibaya vimekaa kwenye meza moja vimefunga midomo, na kitabu chema kinaweza kukaa hivyo mpaka mwandishi wake azikwe. Kwenye vitabu chema hakijiuzi. Chema husubiri mtu aseme.

Mfano ninaoujua vizuri unatoka mbali, London, lakini nivumilie, maana una mkono wake Afrika. Kulikuwa na mwanamke mmoja aitwaye Barbara Pym. Kwa miaka mingi, mpaka alipostaafu mwaka 1974, alifanya kazi katika Taasisi ya Kimataifa ya Afrika mjini London, akisaidia kuhariri jarida lao liitwalo Africa; yaani kila siku alikuwa akinyoosha sentensi za wataalamu walioandika kuhusu sisi, mila zetu na ndoa zetu. Jioni aliandika riwaya kuhusu Waingereza wa kawaida: makarani, wachungaji wa kanisa, wanawake wasioolewa, chai. Alichapisha riwaya sita, ya kwanza mwaka 1950 na ya sita mwaka 1961. Mwaka 1963 akapeleka ya saba, mchapishaji akaikataa. Eti zama zimebadilika. Akajaribu kwingine, wakakataa. Akaandika nyingine, wakakataa nayo. Miaka ikapita kumi, ikapita kumi na mitatu. Yule mama anaendelea kuandika na kurudishiwa miswada. Vijana mnaoandika, mnaijua hiyo bahasha inayorudi, au siku hizi ile barua pepe isiyojibiwa.

Januari 1977 gazeti la Times Literary Supplement, likiadhimisha miaka 75, likawauliza waandishi na wasomi kadhaa: katika muda wote huo, nani kasifiwa kupita kiasi, na nani kadharauliwa bila haki? Watu wawili, kila mtu kivyake, wakamtaja Pym katika waliodharauliwa: mshairi Philip Larkin na David Cecil, aliyekuwa profesa wa fasihi Oxford. Hakuna mwandishi mwingine aliye hai aliyetajwa hivyo na watu wawili. Basi bwana, mambo yakageuka kama sinema. Mwaka huohuo kampuni ya Macmillan ikachapisha riwaya yake Quartet in Autumn, na riwaya hiyo ikaingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Vitabu vyake vya zamani vikarudi madukani. Alifariki mwaka 1980. Miaka mitatu tu ya kusomwa tena, baada ya kumi na minne ya kukataliwa. Vitabu havikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kwamba watu wawili waliulizwa swali lile lile tunaloulizana kila Desemba, na wakajibu walichokipenda badala ya kutaja yale majina makubwa ambayo kila mtu alikuwa akiyatarajia.

Kila nafasi kwenye orodha yako ni ya mtu. Ukiijaza kwa jina la kujionyesha, kuna Pym fulani hapa hapa Temeke au Mwanakwerekwe umemnyima.

Hata kwetu mfano upo, tena mkubwa. Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Wiki ile, jamani! Mji mzima ulikuwa umemsoma tangu zamani. Kila mtu alikuwa na Gurnah wake. Wakati huo alikuwa ameshatoa riwaya 10, ya kwanza mwaka 1987. Ile ya Paradise, ambayo safari zake zinaanzia pwani yetu na kuingia bara, ilitoka mwaka 1994, ikaingia orodha fupi ya Booker, na ilisubiri mpaka mwaka 2022 ndipo ikasomeka kwa Kiswahili, kwa jina Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, chini ya Mkuki na Nyota. Miaka 28! Wale wachache waliomsoma mapema na kusema, ambao hakuna aliyewasikiliza, hao nawavulia kofia. Wale walioanza kumpenda tarehe 8 Oktoba, nao sina kesi nao, kila mtu huanza siku fulani. Kesi yangu ni na yule anayesema alianza zamani. Kwa nini asiseme tu "nimemjua juzi, na nimechelewa, na ni mtamu"? Hiyo nayo ingekuwa sifa, tena yenye faida kwa mwingine aliyechelewa.

Sasa nirudi kwa Larkin, maana msomaji mjanja ameshaanza kucheka. Larkin na Pym walikuwa marafiki! Ndiyo. Waliandikiana barua tangu mwaka 1961, wakaja kuonana uso kwa uso mwaka 1975. Na zaidi: mwaka ule ule wa 1977, mwenyekiti wa majaji wa Booker alikuwa nani? Larkin huyo huyo. Je, huu si upendeleo tunaoulaani kila siku, wa kubebana?

Nimelifikiria sana hili na nimefika hapa: angalia kipi kilitangulia. Larkin alivipenda vitabu kwanza. Barua yake ya mwanzo aliiandika kama msomaji aliyetaka kuhakiki riwaya yake itakayofuata. Urafiki ulizaliwa ndani ya vitabu. Miaka 14 walikuwa marafiki bila kuonana, hakuna walichokuwa nacho zaidi ya maandishi. Huko si kubebana. Kubebana ni pale urafiki unapotangulia, kisha kitabu kinatafutiwa sifa ili urafiki usife. Ile kazi ya ujaji, hata hivyo, ningekuwa mimi ningemwachia mwenzangu kiti siku hiyo. (Tuzo ile hakuipata, aliipata Paul Scott.)

Na hapa ndipo panapotuhusu sisi wa magazeti madogo. Tunajuana wote. Mashairi yako yamo kwenye toleo hili, yangu toleo lililopita, mhariri katusomesha wote chai. Kitabu kinapotoka kwa mmoja wetu, kwa hela yake ya kuunga unga, tunafanya nini? Tunajaa kwenye uzinduzi. Mmoja baada ya mwingine tunapanda jukwaani: "kazi hii imekuja wakati mwafaka", "mwandishi ameonyesha ukomavu". Makofi. Kisha nje, kwenye sambusa na soda, wawili wawili, sauti ya chini: "Umekisoma? Mh. Mbona kama haraka haraka?" Desemba ikifika, kitabu hicho kimo kwenye orodha ya kila mtu. Mwenyewe anaamini. Anaandika cha pili vile vile, makosa yale yale, tena zaidi, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na siku kitabu cha pili kikimdodea, sambusa zimekwisha, hakuna wa kumwambia kwa nini.

Huyo ni rafiki yetu, jamani. Tunasema tulimnyamazia kwa upendo. Upendo gani huo wa kumwacha mtu atoke nyumbani na kitambulisho cha bei kikining'inia kwenye shati?

Najua ugumu wake. Ukimsema hadharani utaambiwa una wivu, na pengine unao. Ila kati ya kumsema na kumdanganya kuna nafasi kubwa. Mwambie faraghani, na kitabu mkononi, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye orodha yako usimtie kama hujampenda; kutomtaja si tusi. Na ukimtia kwa kuwa umempenda kweli, sema wazi "huyu ni rafiki yangu", msomaji apunguze anachotaka kupunguza. Walt Whitman, mshairi mkubwa wa Marekani, alipotoa kitabu chake Leaves of Grass mwaka 1855 alijiandikia mwenyewe mapitio ya kujisifu na kuyachapisha bila jina. Mashairi yalikuwa makubwa kweli, lakini ujanja ule mpaka leo unatajwa kila anapotajwa.

George Orwell, aliyeishi kwa kalamu, aliandika mwaka 1946 kwamba ubaya wa kuhakiki vitabu kama ajira ni kule kulazimika kubuni hisia juu ya vitabu ambavyo havikukugusa hata kidogo. Mwenzetu alikuwa na udhuru, kuna kodi ya nyumba. Sisi tunabuni hisia bure kabisa, hata ya maji hatulipwi.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, na siwezi kuiruka. Rafiki yangu mmoja, mwanamke anayesoma kunishinda mara tatu, aliniambia: "Wewe unadharau kujidai. Sisi wengine tumefika kwa kujidai." Alinieleza kwamba akiwa kidato cha nne alikuwa anatembea na Kichwamaji mkononi ili aonekane. Haelewi kitu. Kitabu kilikuwa nguo ya Idi. Lakini mtu akivaa nguo ya Idi kila siku huzoea kutembea kwa adabu, na siku moja, kwenye benchi la zahanati akimsubiri mama yake, hana la kufanya, akakifungua na kikafunguka. Bila kujidai, asingekuwa nacho mkononi siku hiyo.

Hoja nzito. Na kwa kweli nadhani ana haki. Tunakuwa watu fulani kwa kuanza kuigiza kuwa watu hao. Hata sala mtoto huianza kwa kuiga rukuu za baba. Kwa hiyo sitamzuia mtu kununua kitabu kilichomzidi kimo, kukibeba, kukiweka mezani wageni wakione. Zuga mpaka kikukubali. Ila siku ukiulizwa na mtu mwenye shida ya kitabu, "kipi ulikipenda?", hapo mchezo umesimama kidogo. Swali hilo halihusu unataka kuwa nani. Anayekuuliza yuko pale kama mtu aliyepotea njia anayemuuliza mwenyeji, na mwenyeji anayejua hajui ni afadhali kuliko anayeonyesha kwa kidole kirefu upande asiowahi kufika. Yule rafiki yangu, nilipomwambia hivi, alicheka akasema kwamba hata siku zile za Kichwamaji, mdogo wake alipomwomba kitabu cha likizo, alimpa Mtobwa.

Kwa kuwa nimesema mengi, na wengine mtasema maneno ni rahisi, haya ya kwangu ya mwaka huu, bila kuyapanga kwa cheo.

Kufa na Kupona ya Musiba, ya mwaka 1974, nimeirudia kwa mara ya tatu. Nilianza saa mbili usiku, umeme ukakatika, nikamalizia kwa tochi ya simu mpaka simu nayo ikazima zikiwa zimebaki kurasa nne. Nilikaa gizani nimekasirika kama mtoto. Sijapata kitabu kingine mwaka huu kilichonikasirisha hivyo. Wanawake wa humo wameandikwa vibaya, wengi ni mapambo, na hilo lilinikera zaidi safari hii kuliko zamani.

Nyota ya Rehema ya Mohammed Suleiman Mohammed, ya mwaka 1976. Hii ilikuwa kitabu cha shule kwa wengine. Mimi ilinipita, nikaipata kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kandokando ya barabara, haina jalada. Yule mtoto Rehema anavyotupwa na baba yake mzazi, nililazimika kuifunga nikatoka nje nikanunua karanga.

Quartet in Autumn ya huyo Pym niliyemwongelea. Makarani wanne wa ofisi moja, umri umekwenda, wawili wanastaafu. Hakuna kinachotokea, nawaambia mapema. Mmoja wao, Marcia, anakusanya makopo ya chakula asiyoyala na chupa tupu za maziwa. Katikati nilichoka. Lakini tangu niisome, kila nikimwona yule mzee wa masjala pale tunapopeleka barua zetu, najiuliza kwake amehifadhi nini.

Peponi nimeisoma nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza, kwa sababu nakala ya Kiswahili niliazima na mwenyewe akaitaka. Nusu ya Kiswahili ndiyo niliyoipenda.

Kitabu cha mashairi cha rafiki yangu, ambaye jina silitaji, hakimo. Nimeshamwambia, na tumekaa wiki mbili hatusalimiani vizuri. Juzi kaniletea shairi jipya, limekunjwa mara nne, kasema nisome halafu nimwambie.

Na Nagona nimefika katikati. Nimechomeka kipande cha gazeti nilipoishia. Kama nimeipenda bado sijajua.